Miaka 36, nataka kusoma MD (digrii ya udaktari): PCB niliyoiacha 2008 inarudi kichwani au naanza moja?

#1 Mwana Kihonda
Wakuu habari zenu. Niingie kwenye mada moja kwa moja. Nina miaka 36, nina mke na watoto wawili, nafanya kazi ya ugavi kwenye kampuni moja hapa Morogoro. Form six nilimaliza 2008 kombi ya PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), Baiolojia nikapata E, Kemia S, Fizikia F, nikaenda kusoma ugavi kwa sababu ndiyo kozi iliyonipokea. Udaktari haujawahi kunitoka moyoni, kila nikiingia hospitali naona pale ndipo ninapotakiwa kuwa.

Nimeamua kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nasoma usiku watoto wakishalala. Baiolojia inapanda vizuri, kemia ya ogani nayo naiona inakuja, ila Fizikia na zile hesabu za kemia ndiyo balaa, usiku nasoma naelewa kabisa, kesho yake mchana nikijaribu kukumbuka hakuna kitu. Hili ni suala la umri au nasoma vibaya? Wenye uzoefu naomba mnieleze ukweli bila kunionea huruma. Na wale wanaosema niende diploma ya utabibu kwanza, karibuni ila leteni hoja.

#2 Ngosha Original
Mkuu tupige hesabu. Mtihani Mei mwakani una 37, chuo unaanza mwishoni mwa mwaka huohuo, MD ni miaka mitano, umeshagonga 42, ongeza mwaka mmoja wa intern (mazoezi ya kazi hospitalini), 43. Utakuwa intern mwenye mvi unaamrishwa na daktari rejista uliyemzidi miaka kumi na tano. Uko tayari?

#3 Mama Mapacha
Ngosha hiyo 43 ataifikisha tu hata asiposoma. Na wagonjwa wanapenda mvi, mimi nesi, nakwambia wodini mgonjwa akiona kijana mwenye koti jeupe na mwenye mvi mwenye koti jeupe anamwita nani daktari mkubwa? Wa mvi.

Mwana Kihonda, mimi nilirudia PCB nikiwa na 33 nikiwa kazini zamu za usiku. Kilichokuwa kinanisumbua ni uchovu wala sio umri. Ukisoma saa tano usiku ubongo umeshafanya kazi tangu asubuhi unategemea nini? Nilihamisha masomo nikawa naamka saa kumi alfajiri, Fizikia kwanza, Baiolojia naisoma kwenye daladala. Tofauti niliiona ndani ya muda mfupi sana.

#4 Simba wa Tunduru
Naomba nitofautiane kidogo na Mama Mapacha hapo #3. Umri upo jamani tusidanganyane. Kasi ya kushika kitu kipya inapungua kuanzia miaka ya ishirini na kitu, hilo wanasaikolojia wameshalipima muda mrefu. Kinachobaki na kuongezeka ni maarifa uliyoyakusanya na maneno. Ndiyo maana Baiolojia inampandia, ni maelezo, na Fizikia inamkatalia.

#5 Mwalimu Bureti
Nimefundisha kemia A-level muda mrefu na jioni nafundisha watu wazima wanaorisiti, kwa hiyo naomba nafasi ndefu kidogo.

Simba, ungekuwa umri basi wale vijana wangu wa form five wasingekwama palepale anapokwama Mwana Kihonda. Wanakwama palepale. Tatizo ni HESABU ZA FORM TWO NA THREE. Nikimpa mtu mzima swali la kemia akashindwa, mara tisa kati ya kumi sio kemia iliyomshinda, ni kupangua kanuni ili upate herufi unayoitafuta, vipeo, uwiano na logariti. Unamwambia n (idadi ya moli) ni sawa na m (gramu ulizonazo) gawanya kwa M (gramu za moli moja), anaikariri, ukimuuliza atafute m anaganda.

Mfano. Wengi hapa mnafanya kazi hospitali au mmeshawahi kulazwa, ile dripu ya maji ya chumvi imeandikwa 0.9%. Maana yake gramu 0.9 kwenye mililita 100, yaani gramu 9 kwa lita. Sodiamu kloraidi moli moja ina gramu 58.5. Gawanya 9 kwa 58.5 unapata 0.154, kwa hiyo kila lita ina milimoli 154 za sodiamu na 154 za kloraidi. Angalia ubavuni mwa mfuko wa dripu, wameandika hiyohiyo 154. Ukiielewa hii umeshaelewa moli, molariti na ukolezi kwa mpigo mmoja na hutasahau tena.

Sasa dekstrosi 5% fanya mwenyewe, glukosi ni 180 kwa moli. Jibu liweke hapa.

Ushauri wangu kwake, aache vitabu vya form five kwa wiki kadhaa arudi hesabu za sekondari ya chini. Vipeo, logariti, grafu ya mstari mnyoofu na mteremko wake, trigonometria ya pembetatu. Bila hivyo Fizikia atakuwa anasoma hadithi.

#6 Mama Mapacha
Gramu 50 kwa lita gawanya 180 ni 0.278, milimoli 278. Mwalimu miaka yote nimetundika hizo dripu sijawahi kupiga hiyo hesabu. Asante sana.

#7 Kijana wa Msuli
Mimi nimemaliza form six juzi tu hapa, nipo mwaka wa kwanza MD. Wakubwa mnazunguka sana. NECTA (Baraza la Mitihani) wanarudia maswali. Chukua pasti pepa za miaka kumi, piga zote mara mbili, utaona topiki zinazorudi kila mwaka. Sisi shuleni hatukuwa tunaelewa kila kitu, tulikuwa tunapiga msuli wa pasti pepa mpaka mkono unaandika wenyewe.

#8 Mwalimu Bureti
Kijana #7 una haki nusu. Wewe ulikuwa na mwalimu darasani miaka miwili, ukikwama swali unamuuliza jirani kitandani kwenye bweni. Yeye yuko peke yake na watoto wamelala. Pasti pepa bila anayesahihisha ni kurudia kosa lilelile kwa bidii. Halafu usimpe pepa za zamani bila kumwambia kuna mtaala ulioboreshwa wa 2023, aulize kituo chake atatahiniwa kwa silabasi ipi kabla hajakariri mfumo wa maswali. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, aanzie huko.

#9 Tabibu Kijijini
Salaam. Mimi ni CO (tabibu wa diploma), niko zahanati moja huku Kigoma, naongea kutoka ndani ya hiyo njia ya pili aliyoiuliza.

Diploma ya utabibu ni miaka mitatu. Sifa ya kuingia ni D nne za form four zisizo za dini, humo ndani lazima ziwepo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ukimaliza na GPA ya 3.0 kwenda juu unaruhusiwa kuomba MD, ILA TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanaangalia tena vyeti vyako vya form four, wanataka D za Hesabu, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Nimeona watu wenye GPA nzuri kabisa wanakwama kwa sababu ya F ya Hesabu ya form four. Kwa hiyo Mwana Kihonda kabla ya yote toa cheti chako cha form four kwenye bahasha ukiangalie.

Faida ya njia hii ni kwamba sayansi unaisoma ukiiona. Mimi asidi na besi sikuwahi kuielewa sekondari, nimeielewa kwa mgonjwa wa kisukari anayehema kwa nguvu. Na ukimaliza unaweza kuajiriwa, unakula huku unatafuta ada.

#10 Ngosha Original
CO si anaingia MD mwaka wa tatu moja kwa moja? Nilisikia hivyo.

#11 Tabibu Kijijini
Hapana mkuu. Unaanza mwaka wa kwanza na hao vijana, anatomia, fiziolojia, biokemia yote. Mitatu jumlisha mitano ni minane, bado intern. Kwa mwenye miaka 36 hiyo ndiyo hoja kubwa dhidi ya njia yangu, siifichi.

#12 Simba wa Tunduru
Hapo sasa ndiyo maana nasema arisiti. Na kuna ile foundation (kozi ya maandalizi) ya Chuo Kikuu Huria, ya mwaka mmoja tu, inatambulika na TCU. Aende huko akwepe hata mtihani wa NECTA.

#13 Mwalimu Bureti
Kutambulika kwa kujiunga na digrii ni jambo moja, kuingia MD ni lingine. Simba, fungua kile kitabu cha mwongozo cha TCU, kila kozi ina mstari wake wa sifa. Kwenye MD utakuta PCB pointi kuanzia 6 na diploma ya utabibu. Usimpeleke mtu akalipe ada ya mwaka mzima kabla hajasoma mstari wa kozi anayoitaka kwenye chuo anachokitaka.

#14 Binti Mbamba Bay
Pointi 6 maana yake DDD si ndiyo? A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2. Mbona basi mdogo wangu ana CCC amekosa Muhimbili?

#15 Kijana wa Msuli
Hiyo 6 ni ya kuruhusiwa kuomba tu dada. Halafu wanapanga waombaji kuanzia juu, nafasi zikijaa zimejaa. Kule Muhimbili unashindana na watu wa AAA na AAB. Vyuo binafsi ushindani ni mdogo kidogo ila ada ndiyo inakuchuja. Mdogo wako aombe vyuo vingi, asikae na kimoja.

#16 Mwana Kihonda
Nashukuru sana wote. Tabibu #9 umenishtua, nimekwenda kuangalia cheti, form four nina C ya Hesabu, B ya Baiolojia, Kemia C, Fizikia D, Kiingereza C. Kwa hiyo njia zote mbili ziko wazi.

Mwalimu Bureti jana nimefanya ulivyosema nimeanza na logariti. Nimegundua pH niliyokuwa naikariri ni logariti tu, sikuwahi kuambiwa, au niliambiwa nikiwa nimesinzia. Hebu niongezee mfano mmoja wa hiyo.

#17 Mwalimu Bureti
Mfano wa damu. pH ya kawaida ni 7.35 hadi 7.45. Mgonjwa akishuka kutoka 7.4 mpaka 7.1 ndugu wanaona tofauti ya 0.3 ni ndogo. Sasa 10 kwa kipeo cha 0.3 ni karibu 2. Kwa hiyo ioni za haidrojeni kwenye damu yake zimeongezeka maradufu. Ndiyo maana daktari anakimbia. Tabibu #9 ule mhemo wa kisukari uliousema ni mwili unajaribu kutoa kaboni dayoksaidi nje ili ulinganyo urudi upande wa pili, hiyo ndiyo kanuni ya Le Chatelier mnayoisoma form five kwenye amonia ya viwandani, mwili unaifanya bila kusoma.

#18 Tabibu Kijijini
Kabisa mwalimu. Na Fizikia mnayoilalamikia, chukua mtiririko wa maji kwenye bomba, kanuni ya Poiseuille. Kinachoamua zaidi ni nusu kipenyo (kutoka katikati ya bomba hadi ukingoni) kwa kipeo cha nne. Mshipa ukipungua nusu kipenyo kwa nusu, kwa shinikizo lilelile damu inayopita inabaki moja ya kumi na sita. Mtoto mwenye njia ya hewa iliyovimba kidogo tu anahangaika kupumua kwa sababu hiyohiyo, njia yake ni nyembamba tangu mwanzo. Ningefundishwa hivi nikiwa form three ningeipenda Fizikia.

#19 Kijana wa Msuli
Sawa lakini NECTA haitamuuliza mtoto anayehangaika kupumua. Itamuuliza potenshiomita na daraja la mita. Mnampa raha ya kuelewa, mtihani unataka alama. Asilimia 50 mpaka 59 ni D, 60 mpaka 69 ni C, 80 ndiyo A. Anayeelewa sana bila kumaliza karatasi anapata 45, hiyo ni E.

#20 Mama Mapacha
Kijana usipuuze, mtu mzima hakariri kitu asichoona faida yake. Wewe mwaka mmoja uliopita ulikariri kwa sababu mwalimu wa zamu yupo na mzazi amelipa ada. Sisi kichwa kinachagua.

#21 Mzigua wa Ohio
Wadau nimeuona huu uzi nikaona nichangie kutoka upande mwingine. Niko Marekani, Columbus, nilikuwa mwalimu wa historia Handeni kabla ya kuja huku, sasa nafanya kazi ya kuhudumia wazee na nasoma kujiandaa na MCAT, mtihani wa kuingia shule ya udaktari, umri 39.

Huku udaktari ni shule ya baada ya digrii. Digrii yako inaweza kuwa ya kitu chochote hata historia, ila lazima uwe umepita masomo ya msingi: mwaka wa baiolojia, mwaka wa kemia ya jumla, ogani, fizikia, vyote na maabara, na vyuo vingi sasa vinataka biokemia. Vyuo vingi havikubali masomo hayo uliyoyafanyia nje ya Marekani na Kanada, kwa hiyo hata aliyekuja na PCB yenye A anakaa darasani upya. Mimi nimechukua darasa mojamoja kwenye chuo cha jamii jioni.

Halafu unakutana na MCAT yenyewe. Maswali 230, sehemu nne, ukihesabu na mapumziko ni karibu saa saba na nusu umekaa kwenye kiti. Alama zinaanzia 472 mpaka 528. Na kikokotoo HAIRUHUSIWI. Kwa hiyo Mwalimu Bureti yuko sahihi mia kwa mia kuhusu hesabu, huku unatakiwa ukadirie logariti na mizizi kichwani.

Wazee kama sisi huku wapo wengi darasani, kuna mwanajeshi mstaafu, kuna mama ana wajukuu. Hakuna anayetushangaa.

#22 Ngosha Original
Mzigua hiyo sehemu ya nne ni nini, si ni baiolojia, kemia na fizikia tu?

#23 Mzigua wa Ohio
Moja ni kemia na fizikia ya viumbe, ya pili kusoma makala na kujibu hoja, ya tatu baiolojia na biokemia, ya nne saikolojia na sosholojia, hii iliongezwa 2015. Ile ya kusoma makala ndiyo inawaangusha wengi waliosomea Kiingereza ukubwani, mimi historia imeniokoa hapo.

#24 Simba wa Tunduru
Narudi kwenye ubongo maana mmeniacha peke yangu. Mnataka kusema umri sio kitu, haya nileteeni ushahidi, sio Mama Mapacha na daladala yake.

#25 Dokta Karatasi
Simba nimekuja. London kuna madereva teksi wanaotakiwa kukariri mitaa kama elfu 25 kabla ya leseni. Mwaka 2000 mtafiti Eleanor Maguire na wenzake walichapisha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi (eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu) ya madereva hao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Watu wakasema labda walizaliwa hivyo. Mwaka 2011 yeye na Woollett wakafuatilia watu tangu wanaanza mafunzo mpaka wanafaulu, waliofaulu ndio walioonyesha mabadiliko. Hao ni watu wazima. Ubongo wa mtu mzima unajengeka.

Na kuhusu kusahau kesho yake, hilo sio la umri. Ebbinghaus alijipima mwenyewe akachapisha 1885, akaonyesha kwamba unasahau kwa kasi sana saa za mwanzo halafu kasi inapungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa yanashinda ya siku moja. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na kitu. Kilichothibitishwa baadaye na Roediger na Karpicke 2006 ni kwamba ukijitahini unakumbuka kuliko ukirudia kusoma. Mwana Kihonda anasoma usiku ANAELEWA halafu anafunga kitabu. Afunge kitabu kwanza, aandike anachokumbuka kwenye karatasi tupu, ndipo afungue.

#26 Simba wa Tunduru
Nimekusoma Dokta. Lakini hao madereva wanafanya hiyo kazi miaka mitatu minne, kila siku, na wengi wanaacha njiani. Huyu ana kazi, ana mke, ana watoto. Umethibitisha inawezekana, hujathibitisha kwamba inawezekana mpaka Mei.

#27 Dokta Karatasi
Hapo sikupingi.

#28 Njoro wa Nakuru
Habari ndugu zetu wa Tanzania. Huku Kenya mambo ni magumu zaidi kwa mtu wa aina hii. Sisi hatuna form six tangu mfumo wa 8-4-4 (msingi minane, sekondari minne, chuo minne), KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya kwanza ilikuwa 1989. Ukitaka kurudia ni KCSE nzima, masomo yasiyopungua saba, sio matatu. Dada yangu ana 31, ameshikilia kurudia ili afikishe alama za udaktari, lakini kuna saa inakimbia: kundi la mwisho la 8-4-4 lilifanya KCPE (mtihani wa kumaliza msingi) 2023, kwa hiyo KCSE yao ni 2027. Tumemwambia asiahirishe. Wengine hapa wanapitia KMTC (chuo cha mafunzo ya tiba) wanasoma clinical medicine kisha wanaomba chuo kikuu, yaani ni njia ileile ya Tabibu hapo juu.

#29 Binti Mbamba Bay
Pole Njoro, mwambie dada akomae.

Mimi nilikuwa najiuliza kitu kingine kabisa, hizi praktiko mtahiniwa wa kujitegemea anazifanyia wapi? Maana vitabu unasoma nyumbani, bureti (mrija wa maabara wa kupimia ujazo) utaitoa wapi?

#30 Mwalimu Bureti
Swali hili lingekuwa la kwanza kwenye uzi. Karatasi ya tatu ni ya maabara kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia, na hapo ndipo wanaojisomea wanapopoteza. Tafuta kituo chenye maabara inayofanya kazi, uliza watakupa siku ngapi za mazoezi, wengine wanakusajili halafu wanakuonyesha bureti siku mbili kabla ya mtihani. Mwanafunzi wangu mmoja mtu mzima alikuwa anajua nadharia yote ya asidi na besi, siku ya titresheni akasoma bureti bila kuinamisha jicho usawa wa maji, na kwenye kaboneti ya sodiamu na asidi ya haidrokloriki akatumia kiashiria cha fenofthalini akashangaa ujazo umekuja karibu nusu. Pale ni methili oranji, ya njano inageuka kuwa ya chungwa ndipo unaacha.

Kwenye kutambua chumvi usikariri jedwali lote kwa mstari, jifunze kwa makundi. Mfano risasi, alumini na zinki zote zinatoa mvuke mweupe ukidondosha haidroksaidi ya sodiamu, na zote zinayeyuka ukizidisha. Leta amonia: zinki inayeyuka ukizidisha, hizo mbili haziyeyuki. Zilizobaki mbili weka ayodaidi ya potasiamu, risasi inakuwa njano. Vitu vitatu umevimaliza kwa chupa tatu.

#31 Kijana wa Msuli
Mwalimu umeandika mvuke mweupe, ni mashapo meupe.

#32 Mwalimu Bureti
Mashapo, ndiyo. Asante kwa kusahihisha, hapo mtu angepoteza alama. Unaona faida ya kuwa na wa kusahihisha?

#33 Mama Mapacha
Baiolojia praktiko msiidharau, kupasua chura na mende. Mimi nimezoea damu za wodini lakini mende alinishinda, mfumo wa chakula unakatika ukivuta kidogo. Nunua wembe mzuri, mpasue ndani ya maji, sehemu zinaelea unaziona. Na vipimo vya chakula, Benedict lazima uchemshe, Biuret huchemshi. Watu wanachanganya hapo kila mwaka.

#34 Mzigua wa Ohio
Kuna kitu kingine kuhusu kurudi baada ya miaka mingi, baadhi ya vitu vimebadilika. Nilikariri ATP (molekuli za nishati ya seli) 38 kwa glukosi moja, huku wananiambia kama 30 hadi 32. Nilikariri falme tano za viumbe, hapa wanaanza na domeni tatu.

#35 Dokta Karatasi
ATP 38 ilitokana na kuhesabu 3 kwa kila NADH na 2 kwa kila FADH2 (molekuli zinazobeba elektroni). Vipimo vya baadaye vikaonyesha ni kama 2.5 na 1.5, ukijumlisha upya unafika 30 au 32 kutegemea elektroni za glikolisisi zimeingia mitokondria kwa njia gani.

#36 Kijana wa Msuli
Kwa NECTA andika 38 kama kitabu cha kiada kinavyosema. Chuoni ndiyo utaandika 32.

#37 Dokta Karatasi
Nadhani bora aandike hesabu yenyewe hatua kwa hatua, msahihishaji aone ametoa wapi. Namba tupu ni hatari pande zote.

#38 Shemeji wa Kilosa
Mnajadili ATP hakuna anayejadili pesa. Bodi ya mikopo miongozo yao inaweka kikomo cha miaka 35 kwa mwombaji wa digrii ya kwanza. Huyu ana 36. Kwa hiyo hata akipata AAA, bumu (mkopo wa chuo) hana. Ada, malazi, mke na watoto miaka mitano bila mshahara. Nampenda kwa moyo wake lakini mke wake amesema nini? Hilo ndilo nataka kusikia.

#39 Ngosha Original
Shemeji umegonga penyewe. Mwana Kihonda njoo ujibu hii.

#40 Mwana Kihonda
Nimekuja. Suala la bodi nalijua, nimelisoma kabla sijafungua uzi. Mke wangu ni mwalimu wa msingi, tumekaa tukaandika kwenye daftari, tuna kiwanja tulichonunua Mkundi tutakiuza kwa ajili ya miaka miwili ya kwanza, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema tukiuze. Miaka mitatu inayobaki hatujui bado. Ndiyo maana njia ya Tabibu inanivuta, nikiwa CO naweza kufanya kazi wikiendi. Lakini nikifikiria miaka minane nasita.

Kwenye masomo nimebadili. Naamka saa kumi kama Mama Mapacha, nusu saa ya mwanzo karatasi tupu naandika ya jana kama Dokta alivyosema, halafu hesabu. Juzi nimepiga maswali ya gesi, yale ya PV sawa na nRT, nimeyapata karibu yote. Kelvini ndiyo ilikuwa inaniua, nilikuwa naweka selsiasi.

#41 Shemeji wa Kilosa
Mkeo mpe heshima yake. Mimi nimemaliza.

#42 Simba wa Tunduru
Kama mke ameshakubali kuuza kiwanja basi usiende nusunusu. Bado nasema Mei inayokuja ni mapema, lenga Mei ya mwaka unaofuata, upate B badala ya D.

#43 Mama Mapacha
Simba, akingoja anaongeza mwaka kwenye umri uleule unaosema ni tatizo, chagua moja. Afanye Mei hii, akipata pointi za kutosha anaomba, asipopata anajua amepungukiwa wapi.

#44 Tabibu Kijijini
Mimi niko na Simba kwa hili. Chuoni hakuna huruma, ukiingia na msingi mwembamba wa biokemia unapata supu (mtihani wa marudio), supu zikizidi unadisko (unaondolewa chuo), na pesa ya kiwanja imeshaenda.

#45 Mwalimu Bureti
Kabla hamjamgawana, usajili wa mtihani wa Mei unafungwa mwaka unaotangulia, akisubiri Januari amechelewa na hamtakuwa na cha kubishania. Aende kituoni wiki hii, aulize siku za maabara, aone bureti kwa macho yake. Kisha apige karatasi moja kamili ya Kemia kwa muda wa mtihani, anitumie picha ya majibu inboksi nisahihishe. Akipata chini ya 40 nitamwambia mwenyewe asubiri.

#46 Binti Mbamba Bay
Mwalimu na mimi naomba nitume, Fizikia unasahihisha?

#47 Mwalimu Bureti
Kemia tu binti. Fizikia muombe Kijana wa Msuli, ana kelele nyingi lakini potenshiomita anaijua.

#48 Kijana wa Msuli
Tumeni tu wakubwa, ila mitihani ya chuo ikianza sipatikani.